Munje: Tembo lisilo na mwaka, lenye saa

Wafaransa wana desturi moja ambayo watu wa Pwani yetu wangeielewa upesi lau wangeelezwa kwa lugha yao. Kwao mvinyo hauulizwi jina peke yake. Huulizwa umetoka shamba la wapi, zabibu zake zilichumwa mwaka gani, na unafaa kunywewa pamoja na chakula kipi. Magharibi mwa Ufaransa, karibu na mji wa Nantes ambako mto Loire unakaribia kumwaga maji yake baharini, kuna mvinyo mweupe usio na sukari uitwao Muscadet. Mwenyeji wa huko akiletewa sahani ya chaza, mkono wake huenda kwenye chupa hiyo bila kufikiri mara mbili. Chaza na mizabibu hupigwa na upepo mmoja wa bahari, na vizazi vingi vimeviona vikipatana mezani.

Jambo hilo Wafaransa hawakuliachia mazoea tu. Mwaka 1935 waliweka sheria na chombo cha kulinda majina ya mvinyo wao, ili mtu asichukue zabibu za mbali akazibandika jina la mahali penye sifa.

Sasa, msomaji mpendwa, hebu tuwaache Wafaransa na chupa zao, tushuke kusini mwa Mombasa. Huko nako kuna mvinyo wenye mahali pake, wenyeji wake na vyakula vyake. Tofauti ni kwamba mvinyo huu hauna mwaka. Una saa.

Njia ya kwenda Munje

Ukitoka kisiwani Mombasa unavuka Likoni kwa feri, au siku hizi unazunguka kwa gari kupitia barabara ya Dongo Kundu. Barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga inakupitisha Tiwi, Ukunda na Gazi, na baada ya kilomita hamsini na ushei kutoka Likoni unafika Msambweni. Kusini mwa mji huo, njia za udongo zinaiacha lami na kushuka kuelekea baharini. Huko ndiko iliko Munje, kijiji cha wavuvi na wakulima, upande wa ghuba ya Funzi.

Mgeni kutoka Diani ataona tofauti mara moja. Diani ni mchanga mweupe, hoteli na ngamia wa kupanda watalii. Huku kuna mikoko, madau na mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, na juu ya yote hayo minazi. Wakazi wa ufuo huu ni Wadigo na Washirazi, na wengi wao ni Waislamu. Kwa hiyo usiende Munje ukitarajia kulakiwa kwa kibuyu cha pombe mbele ya msikiti. Ukifanya hivyo utakuwa umekosa adabu, na utakuwa pia umekosa kuuelewa mti wenyewe.

Mnazi hutoa zaidi ya pombe. Kinywaji chake kina hatua, kama vile tunda lake lilivyo na majina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, kisha mbata. Anayekunywa huchagua hatua yake. Asiyekunywa naye ana fungu lake, na fungu hilo, kama tutakavyoona, liko mwisho kabisa wa safari.

Kazi ya mgema

Tembo halitoki kwenye nazi, ingawa wengi wa mjini hudhani hivyo. Hutoka kwenye karara, ule mfuko mgumu wenye ncha unaobeba maua ya mnazi kabla hayajachanua. Mgema hupanda mti kwa vidato vilivyochongwa shinani. Huko juu hulifunga karara kwa kamba lisipasuke, hulizoeza kuinama taratibu, kisha hulikata ncha kwa kotama, kisu chake chenye makali kama wembe. Utomvu huanza kudondoka, naye hutega kibuyu au chupa chini yake.

Hapo kazi ndipo inapoanza. Asubuhi na jioni, mvua au jua, mgema lazima apande tena, amwage kilichopatikana na kukata ubale mwembamba ili jeraha lisifunge. Akikosa siku mbili, karara hukauka. Mnazi mmoja unaweza kutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na karara moja huendelea kutoa kwa mwezi na zaidi. Mtu mwenye minazi kumi ya kugema hupanda na kushuka mara ishirini kila siku, bila mkanda wala wavu chini yake. Wakati wa masika shina huteleza, na kuanguka kutoka minazi mirefu kumewaacha wagema wengi vilema au marehemu.

Utomvu unapodondoka huwa mwangavu na mtamu, una sukari yapata asilimia 15. Lakini hamira ya asili iko tayari hewani, juu ya karara na ndani ya kibuyu, hivyo kuchachuka huanza tone la kwanza linapogusa chombo. Baada ya saa chache kinywaji kimekuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele, na povu limeanza. Kabla ya siku kwisha, kileo chake hufika asilimia 4 hadi 6, sawa na bia. Mvinyo wa Ufaransa kwa kawaida hufika 12 hadi 14, lakini huchukua majuma kuchachuka, na mwingine hulazwa miaka ndipo ufunguliwe. Tembo halina subira hiyo. Siku ya pili limeanza kuwa siki.

Ndiyo maana mnywaji wa Munje hana haja ya kuuliza mwaka. Swali lake ni moja tu: limegemwa saa ngapi?

Asubuhi: tembo tamu

Tembo lililodondoka usiku, wakati wa ubaridi, huwa bado changa jua linapochomoza. Hili ndilo tembo tamu. Wako Waislamu wanaoona kwamba likinywewa papo hapo, kabla ya kuchachuka, halina tofauti na maji ya dafu. Wako wengine wanaojitenga nalo kabisa kwa kuwa mpaka kati ya tamu na kali ni mwembamba. Mgeni mwenye adabu haingilii shauri hilo.

Utamu huu hupatana na pilipili. Chukua muhogo wa kuchoma, upasue katikati, upake chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga. Ulimi ukiwaka, maji ya kawaida hayasaidii, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji. Sukari ya tembo huutuliza, na pumzi hurudi. Viazi vya karai vyenye chatine kali hufuata kanuni hiyo hiyo.

Tembo changa lina kazi nyingine jikoni. Kwa kuwa limejaa hamira hai, likitiwa kwenye unga wa mchele huuumua. Kabla hamira ya dukani haijaenea, mpishi wa vitumbua aliyekuwa na tembo alikuwa na hamira yake. Wapishi wa Goa nchini India huumulia kwa tembo la mnazi mikate yao midogo ya mchele iitwayo sanna, na Sri Lanka hufanya hivyo kwa vibibi vyao. Bahari ya Hindi ina minazi pande zote, na watu wake wamegundua mambo yale yale.

Mchana: tembo la kati

Jua likifika utosini, utamu umepungua, uchachu umeingia na povu linapanda. Hapa ndipo samaki anapoitwa.

Wavuvi wa ghuba hii huleta tafi, changu na pono. Mapishi yake si ya kusumbua: samaki huchanjwa ubavuni, hupakwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kisha huwekwa juu ya makaa ya vifuu. Ngozi ikikauka na mafuta yakianza kulia motoni, tembo la adhuhuri liko tayari kumpokea. Uchachu wake hufanya kazi ya ndimu, na povu huosha mafuta ulimini, hivyo kila tonge huwa kama la kwanza. Pweza wa kukaanga naye hupatana nalo, na chaza wa kwenye mizizi ya mikoko waliofunguka wenyewe juu ya moto ndio wapatanao nalo zaidi ya wote. Mbele ya chaza hao, mwandishi wa makala haya anathubutu kusema kwamba Muscadet hafui dafu.

Jioni: tembo kali

Jioni tembo lililogemwa asubuhi limekomaa. Halina sukari tena, lina uchungu kidogo nyuma ya ulimi, na lina nguvu. Wadigo na ndugu zao Wamijikenda huliita uchi, neno ambalo humchekesha au kumtisha mgeni kutoka bara anapoalikwa kwa mara ya kwanza aende akanywe uchi. Kwa mila zao, kinywaji hiki hakikuwa cha starehe tu. Kilikuwa katika posa, katika upatanisho wa waliogombana na katika kuwakumbuka wafu.

Tembo la saa hizi linataka chakula chenye msimamo. Sima ya mahindi na mchunga, mboga chungu ipendwayo na Wadigo, hulistahimili vizuri kwa sababu uchungu wa mboga hukutana na uchungu wa kinywaji. Ng'onda na papa mkavu nao, kwa chumvi yao nyingi, huliita bila kuchoka. Kaa wa kuchemshwa hufaa pia.

Kisicholifaa ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Uchachu hufunika ulaini wa tui, na tui nalo hulifanya tembo lionekane kali kupita kiasi. Kwa wali wa nazi kunywa dafu. Ni ajabu kidogo kwamba tui na tembo, watoto wa mti mmoja, hawapatani mezani. Ugomvi wao mkubwa zaidi uko juu mtini, na huo tutaufikia.

Mwisho wa safari: siki

Tembo lisilonyweka huachwa liendelee. Vijidudu vingine huchukua nafasi ya hamira na kugeuza kileo kuwa tindikali. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeeleza jambo hili kwa njia ya sayansi, katika kitabu chake kuhusu maradhi ya mvinyo kilichotoka mwaka 1866. Alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto kiasi, bila kuchemka, vijidudu hufa na mvinyo hudumu. Mama wa Pwani alikuwa anajua nusu ya elimu hiyo bila darubini: alijua ni siku gani tembo huacha kuwa tembo.

Hapa ndipo fungu la asiyekunywa linapotokea. Madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, hukubali siki iliyogeuka yenyewe bila kutiwa kitu, na siki husifiwa kuwa ni kitoweo chema. Siki ya mnazi huingia katika achari ya maembe, katika pilipili za kuvundika na katika saladi ya pweza aliyechemshwa na kukatwakatwa na kitunguu. Jamii ya Wagoa waliohamia Mombasa na Nairobi wanaifahamu vyema, kwani nyama yao ya vindaloo haikamiliki bila siki, na huko Goa hiyo ni siki ya mnazi. Meza ya Mwislamu na meza ya mnywaji hukutana katika chupa hii.

Kwa nini haifiki hotelini

Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki kutoka Misri aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, nao unajulikana kwa jina la Periplus. Akizungumzia pwani yetu ya Afrika Mashariki, anasema baadhi ya meli zilileta mvinyo na ngano, lakini si kwa kuuza. Zilikuwa zawadi za kujipendekeza kwa wenyeji. Mvinyo wa kigeni, basi, si mgeni wa jana katika ufuo huu.

Leo unauzwa. Katika hoteli za Diani, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Munje, utapewa orodha ya mvinyo wa Ufaransa uliosafiri maelfu ya kilomita. Tembo la mnazi ni nadra kulikuta katika orodha hiyo. Sehemu ya sababu ni maumbile yake: ukilifunga kwenye chupa lingali linachachuka, gesi huirusha kizibo au kuipasua chupa. Sri Lanka imelimudu kwa kulipasha moto na kulitia chupani. Huko na India, mgema anayetaka utomvu ubaki mtamu hupaka chokaa ndani ya chungu ili usichachuke. Si mambo yasiyowezekana hapa kwetu.

Sehemu nyingine ya sababu ni sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilitoa nafasi ya kuuza vinywaji vya kienyeji kwa leseni, na tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 leseni ni jukumu la kaunti. Sheria hiyo humkataza aliye chini ya miaka 18, jambo jema. Lakini saa ilizoziweka kwa baa siku za kazi zilikuwa kuanzia saa kumi na moja jioni. Msomaji aliyefuatana nasi tangu asubuhi ataona tatizo mara moja. Tembo la saa mbili asubuhi, likisubiri saa hiyo, limeshakuwa kali. Saa za kunywea zilizotungwa kwa ajili ya chupa ya bia, isiyobadilika rafuni, huangukia kwenye tembo wakati limefikia ukali wake.

Kisha kuna uaminifu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi si maji tu, kuna wanaotia sukari na vitu vibaya zaidi ili kuongeza nguvu au wingi. Kinywaji ambacho hakina jina la shamba wala la mgema hakina wa kukiwajibikia. Wafaransa waliligundua hilo kabla ya mwaka 1935.

Karara moja, mabwana wawili

Tumesema tui na tembo hugombana juu mtini. Ni hivi: karara likigemwa halizai nazi. Mnazi hutoa karara moja hivi kwa mwezi, na ua likiachwa huchukua karibu mwaka mzima kuwa nazi iliyokomaa. Kwa hiyo kila karara ni uamuzi wa nyumba. Ukiligema, pesa huingia leo, kesho na keshokutwa, nazo hutosha unga, dawa au nauli ya mtoto wa shule. Ukiliacha, unangoja mwaka ndipo upate nazi za mchuzi, mafuta na za kuuza. Aliye jikoni anadai nazi zake, na aliye na deni anadai tembo. Wote wawili wana haki.

Familia zenye minazi mingi huigawa, mingine ya kugema na mingine ya kuzaa. Wenye michache hawana nafasi hiyo. Na minazi inapungua. Mingi ilipandwa na mababu. Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa na huishi zaidi ya miaka sitini, kwa hiyo anayepanda leo anawapandia wajukuu. Mbawakawa mwenye pembe hutoboa kilele na kuua mti. Mingine hukatwa mbao, na mingine huangushwa viwanja vya ufuoni vinapouzwa. Mzabibu ukifa Ufaransa hupandwa mwingine na baada ya miaka mitatu au minne huchumwa. Mnazi unataka muda mrefu zaidi, na vijana wanaokubali kupanda mara ishirini kwa siku si wengi.

Mti ukiondoka, hauondoki na pombe peke yake. Unaondoka na hamira ya vitumbua, siki ya achari, tui la wali, makuti ya paa na makaa ya vifuu yaliyomchoma yule tafi.

Ukitaka kwenda

Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari inapotulia na samaki wakapatikana kwa wingi. Fika mapema. Wanawake na wanaume wavae mavazi ya heshima, piga hodi, na uliza wazee kabla ya kuuliza kinywaji. Watoto wanunulie madafu. Kama wewe ni mnywaji, mtafute mgema mwenyewe badala ya mchuuzi wa njiani, angalia chombo chake kama ni safi, muulize saa aliyogema, na mwachie usukani asiyekunywa.

Unaporudi mjini usijaribu kubeba tembo. Litakuwa limekuwa kitu kingine kabla hujafika Likoni. Beba siki chupa moja, na kama una kiwanja chochote upande huu wa Pwani, beba pia nazi iliyochipua. Iweke ardhini mvua za kwanza za masika zikinyesha.